Maji Hayaoshi Moshi

Kuna uwongo mmoja unaozunguka mijini mwetu, na kwa kuwa ni uwongo mtamu, wenye harufu ya tufaha na nanaa, watu wengi wameumeza pasipo kuutafuna. Uwongo huo wasema hivi: ati moshi wa tumbaku ukipitishwa katika maji husafika, sumu yote hubaki chini, na mvutaji hupata ladha tupu pamoja na burudani ya kuongea na rafiki zake. Leo twataka kuutoa uwongo huo hadharani, tuugeuze huku na huku, ili kila mfanyakazi auone ulivyo.

Huenda msomaji akatuuliza: kuna haja gani ya kuandika habari za shisha, ilhali Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikwisha tangaza mwezi wa Julai 2016 kwamba imepigwa marufuku nchini? Jibu letu ni fupi. Amri huzuia mkono, lakini haibadilishi mawazo. Mtu aliyekatazwa jambo asiloelewa ubaya wake huliacha mchana na kulirudia usiku. Wala si siri kwamba shisha haikutoweka siku ile amri ilipotolewa. Kama amri haikufuatana na maarifa, basi imefanya nusu ya kazi tu, na nusu iliyobaki ni juu yetu sote, magazeti yakiwa mbele.

Basi na tuanze na chombo chenyewe, kwa maana mtu hawezi kuhukumu jambo asilolijua lilivyoundwa.

Shisha ina sehemu tano. Juu kabisa kuna bakuli dogo la udongo, ambamo hutiwa tumbaku. Juu ya bakuli hufungwa karatasi nyembamba ya alumini iliyotobolewa matundu mengi, na juu ya karatasi hiyo huwekwa vipande vya mkaa unaowaka. Chini ya bakuli kuna bomba lililosimama wima, ambalo ncha yake huzama ndani ya maji. Maji hayo yamo katika chupa ya kioo, nayo ndiyo iliyokipa chombo jina lake, kwani neno shisha, ambalo asili yake ni Kiajemi, maana yake ni kioo au chupa. Mwisho kuna mrija mrefu unaotoka ubavuni mwa chupa, juu ya usawa wa maji, ukaishia mdomoni mwa mvutaji.

Kazi ya chombo hiki ni rahisi kueleza. Mvutaji anapovuta, huondoa hewa iliyo juu ya maji. Nafasi ile ikipungukiwa na hewa, hewa ya nje husukumwa kuingia kwa njia iliyo wazi, nayo ni kupitia kwenye mkaa. Hewa hiyo hupata moto katika mkaa, ikapenya matundu ya karatasi, ikaipika tumbaku, ikageuka moshi, ikashuka na bomba, ikatoka ndani ya maji kwa mapovu, kisha ikapanda na mrija hadi kifuani. Hiyo ndiyo safari yote. Msomaji aikumbuke, hasa pale mahali pa kwanza ambapo hewa hupita, yaani kwenye mkaa, kwa sababu tutarudi hapo.

Wapo wanaodhani kwamba chombo hiki kilikuja pwani yetu juzi tu, pamoja na mikahawa yenye taa za rangi. Sivyo. Wazee wetu walikuwa na kiko cha maji, na lugha yetu bado inazo sehemu zake zote. Bakuli la tumbaku waliliita bori. Mti uliotoka kwenye bori kuingia majini waliuita digali. Chombo cha maji chenyewe ndicho hasa kilichokuwa kiko. Na mwanzi wa kwenda mdomoni waliuita shilamu. Hata ule mlio wa maji yanayochemka kwa pumzi ya mvutaji ulikuwa na jina: malio ya kiko. Huko Uturuki na Uarabuni chombo hiki huitwa nargile, jina litokanalo na neno la Kiajemi la nazi, kwa sababu hapo kale kifuu cha nazi ndicho kilichokuwa chupa yake. Kwa hiyo hatuandiki habari za kitu kigeni kilichotuvamia. Twaandika habari za jamaa wa zamani aliyerudi na nguo mpya, na nguo hizo ndizo zilizowadanganya vijana.

Na uwongo wa maji ulizaliwa wapi? Yasimuliwa kwamba ulizaliwa Bara Hindi katika karne ya 16, zama za Mfalme Akbar, aliyetawala tangu 1556 hadi 1605. Tumbaku ilikuwa imeanza kuingia katika nchi hizo kutoka Marekani, na tabibu mmoja wa baraza la mfalme, Hakim Abul-Fath Gilani, akashauri moshi upitishwe kwanza katika maji ili usiwe na madhara. Twaweza kumsamehe tabibu yule. Hakuwa na darubini wala maabara, na hakuna aliyejua wakati huo moshi una nini ndani yake. Lakini sisi wa leo hatuna udhuru huo. Shauri la karne ya 16 lisitumiwe kuwauzia vijana maradhi katika karne ya 21.

Sasa tulijibu swali lenyewe: je, maji huosha moshi?

Msomaji wa Dar es Salaam anakijua kivuko cha Kigamboni. Abiria hupanda upande mmoja, akavuka maji, akashuka upande wa pili, na nguo zake ni kavu. Amevuka bahari asilowe, kwa sababu alikuwa ndani ya chombo. Moshi wa shisha nao huvuka maji vivyo hivyo. Umo ndani ya povu. Ngozi ya nje tu ya povu ndiyo inayogusa maji, na safari yake kutoka chini hadi juu huisha kabla mtu hajapepesa macho. Sehemu ndogo ya nikotini hubaki majini, ndiyo maana maji yale hubadilika rangi, na mvutaji akiyaona hufurahi akidhani uchafu wote umenaswa pale. Lakini hewa za sumu na chembe ndogo mno za lami hupita na povu lake kama abiria, zikashukia mapafuni.

Jambo ambalo maji hulifanya kwa hakika ni kuupoza moshi. Na hapo ndipo penye mtego. Moshi wa moto huwasha koo, na koo likiwashwa humwonya mtu, naye akakohoa, akaacha. Moshi uliopozwa hauonyi. Mtu huuvuta kwa kina, akaujaza kifua chote, akarudia tena na tena. Mlinzi ameondolewa mlangoni, na mwenye nyumba anashukuru kwa kuwa hasikii tena kelele. Kadhalika, ile nikotini kidogo iliyobaki majini haimwokoi mtu. Mwili uliokwisha zoea nikotini huidai, na ukipewa pungufu humlazimisha mvutaji aongeze mivuto hadi utosheke, na kila mvuto wa nyongeza huja na sumu zake nyingine.

Na tuangalie hesabu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa maelezo juu ya jambo hili mwaka 2005, likayatoa upya mwaka 2015. Mvuta sigara huvuta kama mara 8 hadi 12 kwa sigara moja, kila mvuto mililita 40 hadi 75, na sigara ikiisha amevuta moshi wa nusu lita au zaidi kidogo. Mvuta shisha hukaa dakika 20 hadi 80, akavuta mara 50 hadi 200, na mvuto wake mmoja waweza kufika lita nzima. Yaani pumzi moja ya shisha yaweza kubeba moshi mwingi kuliko sigara nzima, naye ana pumzi nyingine mia zinazomngoja.

Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh huko Marekani walichapisha kazi waliyokusanya ndani yake vipimo vya tafiti nyingi, wakalinganisha kikao kimoja cha shisha na sigara moja. Waliona kwamba kikao kimoja hutoa moshi mara 125 kuliko sigara, lami mara 25, kaboni monoksidi mara 10, na nikotini mara mbili na nusu. Twapenda kusema ukweli wote, si nusu. Hesabu hizi hazina maana kwamba mtu aliyekaa mara moja kwenye shisha ameumia sawasawa na aliyevuta sigara 125. Mwenye sigara huvuta kila siku, labda pakiti nzima, ilhali mwenye shisha huenda akavuta siku ya Ijumaa tu. Lakini hesabu hizi zatosha kabisa kumwumbua yule asemaye kwamba shisha ni mchezo mwepesi kuliko sigara.

Tulisema tutarudi kwenye mkaa. Tumbaku ya shisha haichomwi kwa moto mkali kama ncha ya sigara, ambayo joto lake hukaribia nyuzi 900. Yenyewe hupikwa tu na mkaa uliowekwa juu yake. Kwa hiyo mvutaji havuti tumbaku peke yake. Anavuta tumbaku na jiko pamoja. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, Lebanoni, walichapisha matokeo ya jaribio jepesi kulielewa. Waliivutisha shisha kwa mashine, mara kwa mkaa na mara kwa kifaa cha joto cha umeme, wakalinganisha. Waliona kwamba kama sehemu 9 katika 10 za kaboni monoksidi zilitoka kwenye mkaa, pamoja na sehemu kubwa ya zile kemikali za masizi ambazo huleta saratani.

Kila mama wa nchi hii anaijua kaboni monoksidi, hata kama hajalisikia jina lake. Ndiyo ile hewa isiyo na rangi wala harufu inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Damu yetu hubeba oksijeni kwa chembe zake nyekundu, lakini hewa hii hushikamana na chembe hizo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikiingia, oksijeni hukosa nafasi. Kichwa huuma, macho huona kizunguzungu, moyo hupiga mbio, na ikizidi mtu huzimia. Madaktari wa nchi mbalimbali wamekwisha andika habari za wagonjwa walioletwa hospitalini kutoka kwenye shisha wakiwa na sumu hii damuni. Hapa kwetu tunawaonya watu wasilale na jiko ndani. Je, ni busara gani kumkataza mtu kulala na jiko, kisha kumuuzia mrija wa kulinyonya?

Kutokana na hayo, yaonekana wazi jibu la wale wasemao, ‘Mimi navuta ya matunda tu, haina tumbaku.’ Zipo kweli shisha zisizo na tumbaku. Wataalamu wamezipima, wakaona moshi wake una sumu zile zile isipokuwa nikotini, kwa kuwa mkaa ni ule ule na sukari inayoungua ni ile ile. Lakini mara nyingi hayo yaitwayo matunda si matunda. Ni majani ya tumbaku yaliyokandwa kwa molasi au asali, yakatiwa gliserini na manukato. Waarabu huiita muasali, yaani iliyotiwa asali. Zamani tumbaku ya chombo hiki ilikuwa kali, na wavutaji wake wengi walikuwa wazee barazani. Katika miaka ya 1990 viwanda vya Misri na nchi jirani vilianza kuuza muasali kwa wingi, tamu, katika makopo ya rangi, na tangu hapo chombo cha wazee kikawa cha wanafunzi na wasichana. Hili si jambo la bahati. Mfanya biashara alijua kwamba ukali ndio uliokuwa ukimkimbiza mteja kijana, akauondoa ukali na kuiacha sumu.

Tena kuna habari ya kupokezana mrija. Ukarimu ni sifa yetu, na kumnyima mwenzio ni aibu. Lakini ukarimu wa mate haufai. Mrija unaopita midomo minne hubeba malengelenge na maambukizo mengine ya kinywa, na chumba kilichofungwa, ambamo watu hukohoa wakiwa wamekaribiana, ni mahali panapofaa sana kueneza kifua kikuu. Na tusisahau tulipo: Tanzania na Kenya zote zilikuwamo katika orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuka, nchi kadhaa za Uarabuni, zikiwamo Kuwait, Qatar na Saudi Arabia, ziliizuia shisha katika mikahawa. Nchi ambazo shisha ni desturi ya barazani ziliona hatari hiyo. Sisi tungojee nini?

Sasa tumfikie mtu ambaye katika mjadala huu wote hatajwi na yeyote, naye ndiye aliyetufanya tuchukue kalamu. Mtu huyo ni kijana wa mkaa.

Mteja huja kwa saa moja, akavuta, akalipa, akaenda zake. Kijana wa mkaa huja jioni, akatoka usiku wa manane. Yeye ndiye anayewasha mkaa nyuma ya jengo na kuupuliza. Yeye ndiye anayeizungukia meza moja baada ya nyingine na koleo lake, akiondoa majivu na kuweka kaa jipya. Yeye ndiye ambaye, kabla ya kumpa mteja mrija, huuvuta kwanza mara kadhaa ili moshi ushike, na kama meza ni kumi basi amevuta shisha kumi kwa usiku mmoja, bila ya kutaka na bila ya kuhesabiwa. Madirisha yamefungwa ili kiyoyozi kifanye kazi, na moshi wa wateja wote ndio hewa yake. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti juu ya wafanyakazi wa baa za shisha katika jiji la New York. Walipimwa kabla ya zamu na baada ya zamu, na ilionekana kwamba kaboni monoksidi katika pumzi zao iliongezeka, pamoja na dalili za uvimbe katika damu. Wale walikuwa New York, mahali penye wakaguzi na vipimo. Wa kwetu, nani amempima?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haimbagui mfanyakazi wa kiwandani na mfanyakazi wa ukumbi wa starehe. Yamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mtu aliyemwajiri hadhuriki kwa kazi yake. Mpiga rangi hupewa kizuia pua, mchimba madini hupewa kofia ngumu. Kijana wa mkaa hupewa koleo. Sisi twasema kwamba mapafu ya kijana huyu ni mali yake ya pekee, naye hakuyauza alipokubali mshahara. Vyama vya wafanyakazi vinavyosimamia watu wa mahoteli na mikahawa havina budi kulichukua jambo hili kama vinavyochukua habari za mshahara na likizo.

Twajua kuna hoja za upande wa pili, na si adabu kuzipita kimya.

Hoja ya kwanza ni ajira. Yasemwa kwamba kuifunga shisha ni kumnyima kazi huyo huyo kijana tunayemtetea. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa tumbo halingoji hotuba. Lakini mkahawa uliokuwa ukiuza chai, vitafunio na mazungumzo kabla ya shisha waweza kuuza hayo hayo baada yake. Kazi inayomla mfanyakazi kifua si ajira ya kutetewa. Ni mkopo ambao riba yake hulipwa hospitalini, tena hulipwa na mfanyakazi na jamaa zake, si na mwenye ukumbi.

Hoja ya pili ni tumbaku yetu wenyewe. Wapo wasemao kwamba nchi yenye wakulima wa tumbaku Tabora, Urambo na Chunya haina uso wa kuusema vibaya moshi. Hatufichi kwamba hapo pana mgongano. Mkulima wa Urambo ana watoto wa kusomesha, na jani lile limemjengea nyumba. Lakini makopo ya muasali huja kutoka ng'ambo, na shisha ya mjini haimwongezei mkulima huyo shilingi ya kutajwa. Isitoshe, Mkataba wa WHO wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, hauwasahau wakulima. Wazitaka nchi ziwasaidie kupata mazao mengine yenye faida. Kumsaidia mkulima ni kazi moja, kumlinda mfanyakazi ni kazi nyingine, na taifa lina mikono miwili.

Hoja ya tatu ni uhuru. Kijana husema, ‘Kifua ni changu.’ Ni kweli ni chake, lakini hewa ya chumba si yake peke yake. WHO wahesabu kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na ndani yao wamo zaidi ya milioni moja ambao hawakuvuta wao, bali walivutiwa na wenzao. Mjamzito aliyekaa kwenye moshi ule hakumuuliza mtoto wake kama anaafiki. Uhuru ulio wa kweli huanza na kujua, na mtu aliyeambiwa kwamba maji huosha moshi hakuchagua, alichaguliwa.

Tukija kwenye sheria, majirani zetu wametupa mafunzo. Uganda iliizuia shisha kwa Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015. Rwanda iliipiga marufuku Desemba 2017, na Kenya ikafanya hivyo mwezi huo huo. Lakini Januari 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliwaachia watu 48 walioshitakiwa kwa shisha, kwa sababu kanuni za 2017 hazikuwa zimepelekwa Bungeni kama Mahakama Kuu ilivyokuwa imeagiza mwaka 2018. Hatuwalaumu mahakimu, walifanya kazi yao. Funzo ni kwamba nia njema isiyofuata utaratibu hubomoka siku ya kwanza inapoguswa na wakili hodari. Anayetaka kulinda afya ya watu na atunge kanuni zake sawasawa, azipitishe panapostahili, ndipo azisimamie.

Tena sheria isiishie kwa mnyonge. Msako ukija, wa kwanza kuonekana ni aliyeshika koleo. Mwenye ukumbi yuko nyumbani amelala, na mwenye kuingiza makopo bandarini hajulikani hata jina. Kumpeleka rumande kijana wa mshahara mdogo, na kuwaacha wale waliopata faida, ni kumwadhibu mara mbili mtu aliyekwisha adhibiwa na moshi. Mkono wa sheria uanzie kwenye ghala na kwenye leseni, ndipo ushuke.

Basi twamalizia kwa wito. Mabwana na mabibi afya waende wanakokaa vijana, vyuoni na katika viwanja vya michezo, wawaonyeshe chombo hiki kilivyoundwa, kipande kwa kipande, kama tulivyojaribu kufanya hapa. Kwa maana kijana akielezwa jinsi hewa inavyopita katika mkaa, hahitaji tena mahubiri. Wazazi wasidhani harufu ya tufaha katika nguo za mtoto ni manukato. Viongozi wa matawi ya wafanyakazi wa mikahawa waulize katika kikao chao kijacho ni wenzao wangapi wanaokohoa. Na wewe msomaji, ukialikwa siku moja kukaa kwenye mkeka wenye chupa ya kioo katikati, ukasikia malio yale yaliyowafurahisha wazee wetu, usiwe mkali kwa rafiki zako. Waulize swali moja tu: je, abiria wa kivuko hulowa?